Gramu Mia Sita na Kumi

Nilikuwa mpiga picha wa vifua
katika chumba kisicho na dirisha, hospitalini Kisumu,
miaka ishirini na sita. Vuta pumzi. Shikilia. Achia.
Nikitoka nje, jua la saa saba linaniuma macho
kama mtu aliyefumaniwa.

Filamu ya eksirei ina fedha mwili mzima.
Palipopigwa na miale, fedha hubaki, hugeuka nyeusi:
hiyo ndiyo hewa ya mapafu.
Palipozuiwa na mfupa, fedha huachia,
huyeyukia ndani ya dawa,
na dawa hiyo tuliambiwa tumwage.
Nikaomba nipewe. Wakacheka, wakanitilia sahihi.

Basi ndoo, steliwuli, subira.
Tope jeusi siku kumi na moja.
Tanuru la fundi wa Kondele, magadi kidogo,
na tope likafumba jicho, likafumbua:
jeupe.
Hapo nikaelewa kwa nini Kiswahili hakikuhangaika
kutafuta maneno mawili. Fedha ni fedha.

Felgona, binti ya dada yangu, uko Nakuru,
na fedha yako imeishinda yangu mara hamsini:
kilo thelathini na moja za mwezi wa tatu,
ulizonunua mwezi wa kwanza, usiku, kwa simu,
kutoka kwa mtu asiye nazo
ili umuuzie mtu asiyezitaka.
"Mjomba, si kamari. Mwenye mgodi anataka kulala,
anauza leo bei ya kesho. Mimi nanunua wasiwasi wake."
Nilipenda ulivyosema. Nikauliza zinakaa wapi.
Ukasema haziji. Hakuna anayengoja zije.
Nikawaza mbeleko inayoshonwa, inauzwa, inauzwa tena,
na hakuna hata mmoja mwenye mimba.
Sikusema. Wiki ile ulikuwa umelipa karo ya wadogo zako wawili.

Jumanne, saa tisa usiku, simu.
Bei imeteleza. Wanataka dhamana iongezwe kabla ya alfajiri,
la sivyo wanafunga.
Hukulia. Ulitaja tarakimu moja moja
kama mtu anayehesabu vidonge.

Asubuhi nikafungua kitambaa mbele ya sonara Vrajlal.
Akakisugua kipande kwenye jiwe, akatia tone, akangoja,
akaitikia kwa kichwa. Akakipima.
Halafu akachomoa simu kutazama bei.

Bei ileile. Ya watu walewale wasiogusa.
Miaka kumi na tisa nimekificha kwenye kopo la maziwa ya unga
nikidhani nimekaa nje ya soko lao,
kumbe kila usiku walikuwa wanakipandisha, wanakishusha,
bila hata kufungua kabati langu.

"Chote?" akauliza Vrajlal.

Humu, Felgona, mna mbavu za watu wa Ahero na Seme,
mna bega la mbeba magunia wa Kibuye,
kiwiko cha mtoto aliyedanganya kwamba hakupanda ukuta.
Mna mama yako. Picha mbili, ya mbele na ya ubavuni.
Nilimwambia shikilia, akashikilia
kupita nilivyomwomba, mpaka nikasahau neno linalofuata.
Sijui yuko upande gani.

Nikasema: nusu.
Akatandika gazeti chini ya msumeno.
Unga ulipodondoka juu ya matangazo ya vifo
nililowesha kidole kwa mate, nikauokota wote,
au nilidhani wote.

Jana umeniandikia kuwa bado umo ndani,
na kwamba imeshuka tena.
Nikaitoa nusu iliyobaki, nikaipeleka kwenye mizani.
Gramu mia tatu na nne.
Haijashuka. Ile moja
imebaki kwenye meno ya msumeno wa Vrajlal.